Moshi wa Kidawa

Paukwa!

Pakawa!

Mmekaa karibu?

Tumebanana, Bibi!

Basi bananeni zaidi, maana hii haina huruma.

Palikuwa na mjane, jina lake Kidawa, na binti yake mdogo, Sikudhani. Mali yao yote ilikuwa ng'ombe mmoja mweupe, Nyange. Kila jioni Kidawa alimchomea samadi kavu, moshi ukafukuza nzi, Nyange akalala raha mustarehe.

Siku moja Nyange akafa kwa homa. Desturi ya kijiji ilikuwa kuuburuta mzoga mpaka bondeni na kuuacha wazi. Kidawa akakataa katakata.

"Nzi wamchezee Nyange wangu? Thubutu!"

Akamfunika shuka palepale uani, akawasha moshi.

Siku ya kwanza akaja nzi wa kijani. "Mama, tupishe tutage mayai."

"Tokeni!"

Siku ya pili akarudi. "Mama, tupishe. Wanetu funza wana njaa. Watamla, arudi udongoni."

"Tokeni!"

Siku ya tatu akarudi tena. "Mama, tupishe. Tusipoingia sisi, ataingia mwingine."

"Tokeni!"

Wewe unayekunja pua hapo, nakuona. Ngoja kidogo.

Huyo mwingine alikuwa zimwi la bondeni. Halikuwa na mwili. Miaka nenda miaka rudi lilitafuta mzoga mzima, ambao funza hawajautoboa, na kila mara nzi waliliwahi.

Siku ya nne, jua likizama, shuka likainuka. Nyange akasimama.

"Sikudhani, njoo unikamue."

Mtoto akakimbia na kibuyu, anacheka. Hata Kidawa alicheka. Kisha akatazama vizuri. Mkia hautikisiki. Mbavu hazipandi wala hazishuki.

"Mwanangu, rudi!"

Alichelewa. Mkono wa mtoto ulikuwa umeganda kwenye chuchu, na zimwi linamburuta kuelekea bondeni.

Kidawa akaupiga teke moto, akamkumbatia mwanawe kiunoni. "Nzi! Jamani nzi, njooni!"

Nzi wakaja wingu zima. Wakataga machoni mwa mzoga, wakataga puani, wakataga mdomoni.

"Shikilia, mama. Funza hawaanguliwi kwa kuitwa."

Basi zimwi likavuta, Kidawa akashikilia. Likavuta usiku kucha, akashikilia. Likavuta mpaka kesho yake jua likawa utosini, akashikilia, mikono inatoka damu.

Ndipo funza wakaanguliwa. Wakala macho, wakala ulimi, wakaingia ndani. Ngozi ikalegea, zimwi likatoka likipiga mayowe, na mzoga ukaanguka chini.

Mkono wa Sikudhani ukabanduka. Lakini ulikuwa wa baridi, na mpaka anazeeka haukupata joto tena.

Kidawa akaketi kando ya Nyange aliyejaa nzi mwili mzima. Alilia sana, maana alimpenda. Ila hakumfukuza hata nzi mmoja.

Hadithi yangu naikomesha hapo. Mnyama wako akifa, lia utakavyo, lakini waachie nzi na funza kazi yao.