Nguchiro Alivyobaki na Kirikuu Chake

— Hodi mlangoni.
— Karibu. Umekuja na nini?
— Nimekuja na mnyama mdogo mwenye deni kubwa.
— Mwingize ndani, tumwone.

Basi naanza, na anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Hapo zamani za magari ya mkopo, katika nchi ya Mabwawani, aliishi Nguchiro na mkewe na watoto wanne. Kazi yake ilikuwa kubeba mizigo ya watu kwa kirikuu, kile kigari kidogo chenye magurudumu kama sahani. Kri-kri-kri-kuu, asubuhi anapeleka mayai ya Mama Kanga sokoni. Kri-kri-kri-kuu, jioni anarudi na chumvi na unga.

Kirikuu hicho alikipata kwa mkopo wa Kiboko. Kiboko alikaa ziwani, maji yakimfika kidevuni, na kila alichokopesha kilimrudia na wenzake. Mkopo ulikuwa magunia mia ya mahindi. Nguchiro akalipa sitini. Akabakiwa na themanini. Msiniulize mimi hesabu hiyo, mwulizeni Kiboko.

Mwaka ule mvua ikabomoa daraja. Miezi mitatu kirikuu hakikutoka. Bi Nguchiro naye akaugua, akanunuliwa dawa kwa deni. Nguchiro hakuwa mvivu. Hakuwa mlevi. Nayasema haya kwa sababu wapo watu humu ndani wakisikia fulani kafilisika wanatazamana kwa pembe za macho. Acheni.

"Baba watoto," akasema Bi Nguchiro, "nenda ukatandike mkeka."

Mkeka wa Mabwawani ulikuwa hivi. Aliyeshindwa kulipa alitandika mkeka uwanjani, akaweka juu yake vyombo vyake vyote, akamwambia Twiga, mwenyekiti wa nchi: nimefilisika. Alisema mara tatu, maana masikio ya Twiga yalikuwa juu mbali, na neno likishasemwa mara tatu halirudi chini. Wadai wakagawana vya mkekani, mwenye deni kubwa akachukua vingi, na toka siku hiyo hakuna aliyembishia tena mlango kumdai.

Lakini kitu cha mkopo kilikuwa na njia yake. Mdai mwenyewe alikitajia bei, kama kilivyo siku ile. Bei hiyo ilipunguzwa kwenye deni, na deni lililobaki ndilo lililokwenda mkekani kugombea vyombo. Kisha mdaiwa akachagua: atoe bei ile ile abaki na kitu chake, au akiachie kiende.

"Na kirikuu kikienda, tutakula nini?" akauliza Nguchiro.

"Tutakula mkeka," akasema mkewe.

Nguchiro akaenda kwa Mama Kanga, aliyemuuzia dawa. Akampitia na Fundi Kima, anayemdai ufundi. Hakuzunguka.

"Kesho natandika mkeka. Kiboko ananidai kuliko ninyi, mtapata sufuria moja wawili."

"Sufuria nitaifanyia nini, mwanangu?" akasema Mama Kanga. "Mimi nataka mayai yangu yafike sokoni. Nina gunia moja la mahindi, litakufaa?"

"Na mimi ninalo moja," akasema Fundi Kima. "Lakini Kiboko atataja hamsini, kaka. Unamjua."

"Akijua nakitaka, atataja hamsini," akasema Nguchiro. "Nitamsihi akichukue."

Kesho yake Kiboko alifika uwanjani alfajiri, umande ukiwa bado chini, kwa sababu jua kali humpasua ngozi. Nguchiro akatandika mkeka. Akasema nimefilisika, akasema nimefilisika, akasema nimefilisika. Kisha akakisugua kirikuu kwa kitambaa, kikang'aa.

"Bwana Kiboko, unanidai magunia themanini. Gari hili ni zuri, lina thamani ya themanini kamili. Lichukue, tumemalizana."

Kiboko akatazama gari. Akatazama mkeka. Mkekani palikuwa na kitanda cha mninga, kabati la kioo na masufuria matano. Mate yakamdondoka, do, do, do. Akikubali themanini, deni limekwisha, na kitanda kitalaliwa na Mama Kanga.

"Themanini?" Akacheka, hoo-hoo-hoo. "Gari hili hamsini."

"Mkubwa, tazama taa zake."

"Taa gani? Moja kipofu. Ishirini."

"Basi sikiliza injini." Nguchiro akaiwasha. Kri... kri... kho-kho-kho, kuu.

"Injini hiyo ina pumu. Matano."

"Basi mlango. Mlango wa chuma kitupu." Nguchiro akauvuta, ukabaki mkononi. Fundi Kima akatazama pembeni.

"Mawili," akasema Kiboko. "Na hayo ni huruma yangu. Gari hili halibebi hata kuku."

"Unanionea, mkubwa." Nguchiro akatoa machozi.

"Sijasikia huku juu," akasema Twiga. "Bei gani?"

"Mawili."

"Ngapi?"

"Magunia mawili, Mwenyekiti, mawili tu."

"Limeshasemwa. Nguchiro, unaliachia au unatoa?"

Nguchiro akafuta machozi upesi kuliko yalivyokuja. "Natoa."

Mama Kanga akasukuma gunia lake, tu. Fundi Kima akasukuma lake, tu.

Kiboko akafungua kinywa, akakifunga, akakifungua. "Nilikuwa natania."

"Mara tatu?" akauliza Twiga.

Basi Kiboko akagawiwa vya mkekani: kitanda, kabati, masufuria manne. Akajipa moyo kwamba kitanda ni kitanda. Akajitwika vyote, magunia mawili juu yake, akashika njia. Puu, puu, puu.

Lakini maneno yalikuwa mengi, na jua lilikuwa limefika utosini. Ziwa liko mbali. Ngozi ya mgongoni ikaanza kupasuka, ta, ta, ta. Mara akasikia nyuma yake: kri-kri-kri-kuu.

"Nguchiro ndugu yangu, nipakie."

"Kwenye gari hili? Ulisema halibebi hata kuku."

"Mimi si kuku."

"Hilo naliona. Sasa sikia, nakwambia kabla hujapanda tusije tukazozana njiani. Nauli yako ni kitanda. Nauli ya mzigo ni kabati. Masufuria manne ni kwa turubai nitakalokufunika. Magunia mawili ni yako, nilikulipa, sina neno nayo."

Kiboko akatazama jua. Akapanda. Springi zikalia kwiii, lakini kirikuu kikaondoka, kri-kri-kri-kuu, mlango umefungwa kwa kamba, mpaka ukingoni mwa maji. Kiboko akatumbukia chubwi, akabaki anapumua.

Siku ile ile Bi Nguchiro alilalia kitanda chake. Kabati lilikwenda kwa Mama Kanga na masufuria kwa Fundi Kima. Sheria haikumlazimisha Nguchiro, mkeka ulikwishafuta madeni. Alipeleka tu. Na mayai yanafika sokoni hadi leo.

Mnataka funzo? Haya. Siku ile uwanjani aliyelisema gari kama lilivyo alikuwa Kiboko peke yake. Taa ilikuwa kipofu kweli. Injini ilikuwa na pumu kweli. Mlango uling'oka mbele ya watu. Aliyesema gari ni zuri ni Nguchiro. Basi, watoto, semeni ukweli daima, mpate kuheshimiwa kama Kiboko.

— Nimeegesha.
— Zima injini, tushuke.