Ukurasa wa Bi Mwanatumu

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa pwani, zama za wahenga, aliishi mja mwema aitwaye Fundi Shekuwe, ambaye kazi yake ilikuwa kutia nakshi misahafu. Hakushika kalamu bila udhu, na kila ua alilianza kwa Bismillahi.

Mwaka mmoja aliagizwa kupamba msahafu wa msikiti mpya. Ukurasa mmoja tu ulikuwa umebaki, mwanzo wa Sura ya Maryam, homa ikamwangusha. Ijumaa ya kufungua msikiti nayo inakaribia. Mkewe akaupeleka ukurasa kwa jirani yao Bi Mwanatumu, mjane msuka mikeka, ambaye siku zote ndiye aliyemsagia fundi rangi. Bibi yule akajifungia siku tatu, akachora.

Fundi alipouona, moyo ulimruka kwa furaha, kisha ukamchoma. Ulikuwa mzuri kuliko kurasa zake zote. Akautia jaladani pamoja na nyingine.

Ijumaa ikawadia, na fundi amekwishapona. Baada ya sala, kadhi aliufunua msahafu mbele ya watu, akafika Sura ya Maryam, akasema:

"Subhanallah! Fundi Shekuwe, mkono wako una baraka. Nimeona misahafu mingi, lakini ukurasa kama huu sijauona."

Watu wakaleta takbira. Miaka arubaini fundi alikuwa akiyangoja maneno hayo. Akainama, akashukuru, akaketi. Lakini jasho lilimtoka kana kwamba homa imerudi. Mwisho akasimama tena.

"Shehe wangu, niwie radhi. Ukurasa huo si wangu. Ni wa Bi Mwanatumu, msuka mikeka."

"Mbona hukunyamaza?" kadhi akastaajabu. "Nani angejua?"

"Angejua Yule ambaye maneno Yake nimeyazungushia maua."

Machozi yakamlenga kadhi. Akauliza kama bibi huyo yupo. Nyuma ya pazia la wanawake sauti ikajibu kwa haya:

"Nipo, shehe. Lakini mimi maua siyajui. Nimechora msuko wa ukili wa mkeka wangu wa kusalia, basi."

Msikiti mzima ukacheka, na fundi akacheka kuliko wote, hadi kilemba kikamlegea. Kadhi akaamuru msahafu utakaofuata waupambe wote wawili.

Ndugu waumini, kipaji ni amana, Mola humpa amtakaye, hata jirani yetu tuliyemzoea kwa kusaga rangi. Atujaalie mikono yenye ufundi, na ndimi zisizoona tabu kusema: hii si kazi yangu, ni ya mwenzangu.