Nyamizi na Samaki Saba wa Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Maji yalikuwapo, samaki wakaja. Samaki walikuwapo, Nyamizi akaja.

Nyamizi alikuwa mke wa mfinyanzi katika kijiji cha Isenga, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: kuvua. Wenzake wakienda kisimani kupiga soga, yeye yuko mtoni na mshipi wake. Akimpata samaki, hucheka peke yake mpaka machozi yamtoke. Watu wakasema, "Huyu ana pepo la samaki."

Siku moja mto ukakauka. Wazee wakapanda mlimani kwenye chemchemi, wakakuta zimwi limeikalia, limeziba jicho lote la maji kwa makalio yake.

"Nimechoka kula mbuzi," likasema zimwi. "Nataka samaki saba, wa aina saba, wote wakiwa hai. Nawapa siku sita. Mkishindwa nitaanza na watoto, kisha mama zao, kisha ninyi wazee, japo mmekauka."

Wazee wakashuka wakilia. Nyamizi naye aliogopa, tena sana. Lakini chini ya ule woga moyo ulimruka kama samaki aliyenaswa. Aina saba? Maisha yake yote alikuwa amevua aina tatu tu.

Wifi yake Kalunde, dada wa mumewe, akamtazama usoni. "Wifi, unatabasamu nini, na sisi tunakwenda kuliwa?"

"Nawaza chambo, wifi. Twende."

Basi wakachukua mtungi mkubwa kuliko yote, wakautundika katikati ya mti wa kubebea, mmoja akabeba mbele, mwingine nyuma. Wakaenda, wakaenda, wakaenda, mpaka mto wa nchi ya pili. Nyamizi akatupa mshipi, akaimba:

"Majini mko wengi, mmoja njoo kwangu."

Akaja kambare mwenye masharubu. Akaja ningu, mweupe kama fedha. Kalunde, ambaye hakuwahi kushika ndoana, akajikuta amesimama majini mpaka kiunoni.

"Wawili, wifi."

"Wawili. Twende."

Wakaenda, wakaenda, wakaenda, mpaka kwenye kinamasi cha mafunjo. Nyamizi akaimba:

"Majini mko wengi, mmoja njoo kwangu."

Akaja domodomo, mdomo mrefu kama mchi. Akaja kamongo, mrefu kama nyoka, akamng'ata Nyamizi kidole. Damu ikamtoka, naye anacheka. "Mtazame, wifi, anapumua hewa kama sisi."

"Mtie mtungini kabla hajakumaliza mkono," akasema Kalunde. Lakini naye alikuwa anacheka.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda, mpaka ziwani. Nyamizi akaimba:

"Majini mko wengi, mmoja njoo kwangu."

Akaja sato mnene. Akaja gogogo, miiba imemsimama. Sita. Siku ya nne ikapita bila wa saba, na safari ya kurudi ni ya siku mbili. Asubuhi ya siku ya tano kila aliyekuja alikuwa kambare, au sato, au ningu. Nyamizi akawa hacheki tena. Akilini aliwaona watoto wa Isenga mmoja mmoja kwa majina yao, akatupa mshipi tena.

"Wifi," Kalunde akasema polepole, "tupeleke sita. Huenda zimwi halijui kuhesabu."

"Limehesabu siku vizuri. Niachie mtupo mmoja."

Akatupa mbali, kwenye mawe. Mshipi ukakazika. Akavuta, ukamvuta. Akavuta, akamtoa samaki mnene, laini, hana gamba hata moja, mwenye madoa meusi. Hakuwa amemwona samaki wa namna ile. Akamshika. Mkono ukapigwa ganzi mpaka begani, akaanguka chali mchangani.

"Wifi! Umekufa?"

"Sijafa," akasema Nyamizi, macho yakimng'aa. "Ni wa saba."

Wakamsukumia kwa kijiti kwenye kibuyu chao cha maji ya njiani, peke yake, wakakimbia. Mchana na usiku walikimbia, na jua lilipokuwa likishuka siku ya sita, walikuwa mbele ya zimwi.

Zimwi likahesabu kwa ukucha. "Saba. Mimina kinywani."

"Mkubwa, kula mmoja mmoja," Nyamizi akasema. "Huyu wa kibuyuni si wa kumezwa mzima."

"Mnataka kunipunja," likanguruma, likanyakua mtungi na kibuyu, likavimimina vyote kooni, maji na samaki.

Tumbo likanyamaza. Kisha yule wa saba akapiga ganzi yake.

Zimwi likaruka juu, likaanguka, likaruka tena. Lilipoanguka mara ya tatu liliviringika mteremkoni, na chemchemi ikafumuka nyuma yake kwa kishindo. Maji yakalisukuma, yakalitapisha, yakalichukua mpaka nchi isiyojulikana. Samaki saba wakatoka kinywani mwake wakiogelea, wakaingia katika mto wa Isenga.

Nyamizi akasimama majini akiwatazama wakipita, akiwataja mmoja mmoja. Kalunde akamshika mkono.

"Wifi, samaki wako aina ngapi duniani?"

"Sijui. Kesho twende tukaone."

Hadithi yangu imeishia hapo, maji yameendelea. Nanyi shikeni hili: usimcheke mtu kwa kazi aipendayo, maana siku ya shida ndiye mtakayemtafuta. Na anayemeza asichokijua, asilie tumbo.