Masale Yaliyopandwa kwa Makosa

Sogeeni karibu, na aliye na sufuria jikoni aiepue kabisa, maana hadithi hii ukikosa tonge moja hushibi. Na mwisho wake nitawadai jibu.

Walikuwepo wanafunzi watatu wa shahada ya pili, wanasomea usanifu wa mandhari. Hiyo ni elimu ya kuipanga ardhi: maji yapite wapi, mti ukae wapi, mtu atembee wapi, na vyote visigombane. Msidhani ni mchezo. Vitabu vyao ukivipanga, mtu anapanda juu anaangua nazi.

Wa kwanza Nyanjige, binti wa Kisukuma kutoka Maswa. Huyo alikuwa na macho ya maji. Msimamishe kilimani wakati wa kiangazi, ardhi imekauka mpaka kunguru wanachechemea, atakuambia: mvua ya mwezi wa nne itapita hapa, itakata kona pale, itaingia mlango ule. Halafu anachora. Akichora kivuli, ukikiangalia sana unatafuta sweta.

Wa pili Tumpale, Mnyakyusa wa Tukuyu. Huyo alikuwa na mikono ya kuotesha. Akisahau mpini wa jembe shambani Jumatatu, Ijumaa anaupogoa.

Wa tatu Shekiondo, Msambaa. Macho yake ya kawaida, na mikono yake hata mchicha unaikataa. Ila alikuwa na masikio. Wenzake wakipima ardhi kwa kamba, yeye anakaa na watu, anakunywa wanachokunywa, na jua likizama anajua nani kamnunia nani tangu enzi za mababu.

Basi profesa wao, Mama Nyirenda, mwanamke mkavu kama biskuti, akawapeleka Uchaggani, kijiji cha Kirimbo. Pale pana mteremko, na chini ya mteremko pana zahanati. Kila masika tope lilikuwa linashuka mpaka wodi ya wazazi. Mwaka mmoja kitanda kilielea, mama yuko juu yake na uchungu, mkunga anakikimbiza nyuma.

"Mna miezi mitatu," profesa akasema. "Atakayeuokoa mteremko huu ana nafasi ya kuendelea na shahada ya uzamivu, chuo kitamsomesha. Nafasi ni moja. Msije kunililia."

Nyanjige aliposikia hivyo, moyo ulimdunda mpaka kifungo cha blauzi kikatikisika. Kwao Maswa mvua inakuja kama mgeni mwenye haraka, inapita mbio, na ng'ombe wanabaki wanalamba tope. Uzamivu wake angeusomea jambo hilo tu, namna ya kuyashika yale maji. Akiikosa nafasi, anarudi ofisini kwake kuchora maegesho ya magari mpaka astaafu.

Siku tisa Nyanjige akauzunguka mteremko. Mwenye kihamba cha juu, yaani shamba la ukoo, mzee Ndelilio, alikuwa anamtazama tu kutoka migombani.

"Binti, unasomea nini?"

"Mandhari, meku," Nyanjige akajibu, akimwita mzee kwa Kichagga.

"Yaani majani?"

"Majani, maji, udongo, vyote."

"Miaka yote hiyo chuo kikuu kusomea majani! Ng'ombe wangu anayajua majani, na cheti hana."

Lakini mchoro ulipotoka, mzee mwenyewe aliugeuza kila upande na kusema hajawahi kukiona kilima chake vizuri namna ile. Matuta saba yamefuata umbo la kilima, na mifereji inayachukua maji polepole mpaka kwenye korongo la mawe. Wanakijiji wakashika majembe, matuta yakachimbwa.

Ikaja zamu ya Tumpale. Matuta yanataka mizizi ya kuyashika. Miaka ya nyuma yalipandwa majani, akina mama wakayakata yote wakalishia ng'ombe wa zizini. Tumpale akatafuta mmea ambao ng'ombe hapelekewi. Akaona kila kihamba kina isale, mmea wa majani marefu, kijani masika na kiangazi. "Hiki kitu hakifi!" akasema. Siku mbili akakata vipande, akavichomeka juu ya matuta yote saba, vipande vingi kuliko nywele za kichwani mwake, na alikuwa na nywele huyo!

Masikini, hakuuliza. Kwa Wachagga isale si ua la kupambia. Isale ni mpaka. Likisimama, ardhi ya mtu imeishia hapo.

Asubuhi mzee Ndelilio akatoka na kikombe chake, akakuta kihamba cha baba yake kimekatwa vipande saba.

"Nani kanigawia shamba nikiwa hai?"

Jirani yake, Mama Anansia, ambaye matuta yalipita na kwake, naye akapiga kelele zikafika Moshi mjini. Mapanga yakaja. Si ya kukata watu, jamani, tulieni. Ya kukata masale na kuyasawazisha matuta. Nyanjige akaona Maswa yake inafukiwa mbele ya macho yake.

Hapo ndipo Shekiondo akainuka. Kilabuni, kwenye mbege, pombe yao ya ndizi, alisikia kwamba mtu akikuletea jani la isale limefungwa fundo, anaomba radhi, na radhi ya isale haikataliwi. Akachuma jani moja, akalifunga, akapiga magoti mbele ya mapanga.

"Meku, tumekosa."

"Wewe ndiye uliyepanda?"

"Mkono ni wa mwenzangu. Kosa ni letu."

Mzee akakitua kikombe chake chini. Halafu akalipokea jani.

"Kijana, umenifunga mikono. Basi yakae. Yahesabiwe masale ya zahanati, si ya mtu. Na atakayeyagusa, amegusa mpaka."

Tangu siku hiyo hakuna aliyekata hata jani moja. Masika ikashuka, mvua ya kulowesha jiwe mpaka kiini. Matuta yakashika, maji yakaenda korongoni yametulia kama watu wanaotoka kanisani. Zahanati haikuingia tope hata kijiko. Mkunga alizalisha amevaa soksi nyeupe.

Profesa akaja, akaona, akawapa kikaratasi. "Nakunywa chai. Nikimaliza, nataka jina moja."

"Bila mistari yangu mngepanda wapi?" Nyanjige akaanza.

"Na bila mizizi yangu mistari yako ingelala zahanati," Tumpale akasema. "Tena kosa langu ndilo limezuia kila panga. Ningepanda mmea sahihi, ungeshaliwa."

"Kosa lako lilikuwa linatuzika wote," Shekiondo akacheka. "Mimi nimepigia magoti kitu ambacho sikukifanya. Hilo nalo lina darasa lake?"

Wakabishana mpaka chai ya profesa ikafika nusu. Mwisho Tumpale akamsukumia Nyanjige kikaratasi.

"Dada, andika wewe. Tutakubali."

"Hata nikijiandika mwenyewe?"

Wakatazamana. "Hata ukijiandika," Shekiondo akajibu.

Heri wangeendelea kumbishia! Sasa Nyanjige kashika kalamu, mkono mzito kama kinu. Akifumba macho anawaona ng'ombe wa Maswa. Akifumbua anawaona hawa wawili, hata hawachungulii anachoandika. Na chai ya profesa imebaki funda moja.

Haya, ninyi mlionizunguka: mwenye macho, mwenye mikono, au mwenye masikio? Kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngemwandika nani? Na asitokee mtu akaniambia wote watatu. Kikaratasi ni kidogo.