Kapu la Bibi Safura

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa milimani, wenye baridi ya kuuma mifupa, aliishi mjane mwema akiitwa Safura binti Wahbi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nyumbani kwake hakikutupwa kitu. Maganda ya mboga aliyageuza mbolea, maji ya kuoshea vyombo aliyamwagia mkomamanga, na majivu aliyasugulia vyungu. Jirani walimtania, naye akacheka pamoja nao.

Mwaka mmoja, kuni za wakfu za kuchemshia maji ya kutawadhia msikitini zikawa zinakwisha kabla ya wakati wake. Msimamizi wa wakfu huo, Mzee Dhakwan, alikuwa mcha Mungu, ila mwepesi wa hasira. Akawaza: Safura hanunui kuni, wala haonekani kwenda kuzitafuta, na kila adhuhuri wagonjwa na wasafiri wanakula kwake maharage ya moto. Anapikia nini? Akaenda kwa Kadhi, na Kadhi akaja mwenyewe mpaka mlangoni kwa mjane, watu wamemfuata nyuma.

"Bibi Safura," akasema Kadhi kwa upole, "umechukua kuni za msikiti?"

"Sikuchukua, ewe Kadhi wetu. Hata kijiti."

Angeweza kuishia hapo, na jibu lingekuwa la kweli. Lakini alikumbuka jambo jingine. Akainamisha kichwa.

"Ila niliokota mikeka mikuukuu iliyotupwa nyuma ya msikiti. Sikuomba ruhusa."

"Mmesikia!" akapaza sauti Mzee Dhakwan. "Amekiri!"

Kadhi akamwashiria anyamaze. "Mikeka hiyo umeifanyia nini, bibi?"

Safura akaingia ndani, akatoka na kapu kubwa lililoshindiliwa majani makavu na vipande vya mikeka. Akaondoa mto uliofunika juu, na katikati palikuwa na chungu.

"Asubuhi nakichemsha kidogo kwa matawi niliyopogoa, kisha nakifukia humu. Joto likikosa pa kutokea, maharage yanajiivia yenyewe."

Kadhi akagusa chungu, akarudisha vidole haraka. "Subhanallah! Kinaunguza!" Akacheka, akaomba bakuli.

Kadhi alipokuwa akila, Safura akamgeukia msimamizi. "Mzee wangu, lile pipa la maji la msikitini lina mfuniko?"

"Halina," akajibu kwa sauti ndogo.

"Basi aliyekumalizia kuni ni upepo. Kila unachokichemsha unamchemshia yeye."

Watu wakaangua kicheko, na Mzee Dhakwan, uso umemwiva kwa haya, akaomba radhi mbele yao wote. Safura akamsamehe papo hapo. Kadhi akamhalalishia ile mikeka, na kesho yake mjane na msimamizi wakalivika pipa joho la majani makavu na kulitengenezea mfuniko. Kuni za mwaka huo zikabaki, zikagawiwa maskini.

Enyi ndugu, swali la Kadhi lilimwachia Safura upenyo wa kutokea, naye aliuona. Lau angeutumia, kapu lingebaki limefichwa ndani, tuhuma ingebaki mtaani, na maskini wale wangeupitisha mwaka kwa baridi. Alisema lililomwaibisha, Mwenyezi Mungu akalifanya kuwa sababu ya heshima yake. Atujaalie nasi ndimi za namna hiyo.