Usukani wa Mama Kishindo

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ile ya fisi na sungura bali ya juzijuzi tu, palikuwa na jeti iliyogeuka banda la kuku.

Ilikuwa Tabora, nyuma ya uwanja wa ndege, pale nyasi zinapomfika mtu kiunoni. Jeti ya kizamani, injini tatu zote mkiani, kama mwanamke aliyebeba watoto wote mgongoni. Enzi zake, ilipotua, sufuria zilicheza mekoni na watoto waliolazwa wakaamka wote kwa pamoja. Kina mama wakaiita Mama Kishindo, na hawakuiita kwa mapenzi. Kisha ikazeeka. Injini zikang'olewa, viti vikaishia kwenye vibanda vya vinyozi, kuku wakaingia. Miaka thelathini kuku wanataga pale walipokaa waheshimiwa. Kuku hawakuona tofauti.

Mwishowe mzoga ukauzwa kwa Shaweji, mfua sufuria.

"Mwezi wa tatu ukiandama, naikata," akasema Shaweji. "Nyie mnaona mabawa. Mimi naona masufuria ya ubwabwa, na vifuniko vyake."

Sasa palikuwa na fundi kompyuta mmoja, Mihambo, mtu mzima mwenye mke na kitambi. Jioni wenzake wakienda kwenye bao, yeye hurusha ndege akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Upo mchezo wa namna hiyo: kioo kinakuonyesha anga, unashika kijiti, unapaa, unatua, na chai yako haijapoa. Wachezaji wako dunia nzima, kila mmoja nyumbani kwake, na ndege zenyewe hutengenezeana wao kwa wao. Mama Kishindo naye alikuwemo, lakini alitengenezwa na mtu asiyewahi kumwona: pua ya nguruwe, sauti ya jokofu bovu. Mihambo aliposikia habari za tanuru la Shaweji akasema, "Nitamsuka upya kabla hajawa sufuria."

Mkewe, Kabula, ni fundi cherehani. Mihambo akachukua futikamba yake akaenda uwanjani. Akapima pua, akaandika. Akapima mkia, akaandika. Akahesabu ribiti, ile misumari inayoshika mabati, moja moja, akafukuza kuku, akaandika. Siku ishirini na saba.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "leo nimempima mke wa mchungaji kifua, kaniuliza mbona futi inanuka kinyesi cha kuku. Nimjibu nini?"

"Mwambie ilipanda ndege."

"Nitamwambia mume wangu anaishonea ndege gauni, na ndege haijaleta kitambaa."

Katika kupima kwake aliona jambo. Bawa la kushoto lilikuwa limelala chini kuliko la kulia, kiasi cha vidole viwili. Mihambo akajisemea: mzoga umezama tope upande mmoja. Basi ndani ya kompyuta akalinyanyua, yakawa sawa, yakapendeza. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Umbo likakamilika. Pua ikawa pua, mkia ukawa mkia. Akairusha. Ikapaa kama karatasi.

Kwani umbo ndilo uzito? Hata mimi nikimchora ng'ombe hatatoa maziwa. Mihambo hakujua tangi hubeba mafuta kiasi gani, injini husukuma kwa nguvu gani, mzigo wake umekaa mbele au nyuma. Maneno hayo yalikuwa mahali pamoja tu: katika madaftari ya marehemu Kasubi, aliyekuwa fundi mkuu wa Mama Kishindo. Na madaftari yalikuwa kwa Bi. Mwanahawa.

Bi. Mwanahawa ni Mzaramo, alihamia Tabora na mumewe wa reli. Kasubi alikuwa Mnyamwezi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, hilo halina mjadala. Kwa hiyo alipokufa Kasubi, miaka kumi na tisa nyuma, Bi. Mwanahawa alifanya linalofanywa na mtani msibani. Wenzake wakilia, yeye akacheka. Walipotaka kutoa jeneza, akalikalia. Halafu akabeba sanduku la madaftari ya marehemu kichwani, akasema, "Hili halirudi mpaka mnikomboe. Jogoo mmoja!"

Wafiwa wenye akili hutoa jogoo, watu wakacheka, yakaisha. Watoto wa Kasubi walikuwa wamesoma, wakaona haya mbele ya wageni wao. Wakasema, "Karatasi hizo? Kaa nazo."

Akakaa nazo. Akaziweka ndani ya pipa la bati, majivu chini, mchwa wasipate njia. Kila kiangazi akazianika. Kusoma hajui hata herufi ya jina lake.

Na hili nalo lishikeni. Mwaka wa kumi tangu msiba ule walikuja watu wa kuhifadhi vitu vya kale. Walitaka kumchukua Mama Kishindo mzima mzima, wamweke chini ya paa, watu wamtazame. Sharti lao moja: awe na karatasi zake. Wakaenda kwa Bi. Mwanahawa.

"Nyie ni wa nyumba ya Kasubi?" akawauliza.

"Hapana, Bibi."

"Basi hamwezi kukomboa."

"Tutakupa jogoo watano."

"Hata mkileta na banda lake."

Wakapanda gari lao, hawakuonekana tena. Mama Kishindo akabaki na kuku.

Sasa Mihambo, naye Mnyamwezi, wale wapagazi wa misafara ya kale, akapiga hodi.

"Shikamoo, Bibi."

"Sipokei shikamoo ya mpagazi. Mizigo umeitua wapi?"

"Nimeitua njiani, nikaja kutazama Mzaramo anavyocheza mdundiko na magoti mabovu."

Bi. Mwanahawa akacheka mpaka akashika ukuta. Hapo ndipo mazungumzo yakaanza.

"Madaftari hayatoki," akasema. "Mnyamwezi wewe ni Mnyamwezi, lakini si wa nyumba ya Kasubi. Ila macho hayana ukombozi. Kaa hapa, soma hapa, nakili hapa. Tena unisomee kwa sauti, nijue nimelinda nini."

Mihambo akasoma siku tano. Tangi la kulia, kilo kadhaa. Tangi la kushoto, kilo kadhaa. Joto la injini ya kati.

"Kumbe!" akasema Bi. Mwanahawa. "Miaka kumi na tisa nalinda habari za mafuta ya taa. Nikadhani labda kuna hati ya shamba."

Mihambo akaenda akaingiza hesabu zote. Akairusha. Ikapaa kama ndege yoyote.

Angetosheka, mtu mwingine. Lakini palikuwa na Kapteni Nzota, aliyemrusha Mama Kishindo miaka kumi na mmoja. Umri sabini na nane, macho yana ukungu, mikono inatetemeka hata humiminiwa chai nusu kikombe. Mihambo akamkalisha kwenye kile kiti cha plastiki, akamshikisha kijiti. Kapteni akapaa. Akazunguka mji mara moja.

"Huyu nani?" akauliza.

"Mama Kishindo, mzee wangu."

"Huyu ni dada yake. Mama Kishindo huvuta kushoto."

"Daftari la fundi halisemi hivyo."

"Daftari kaandika Kasubi mwenyewe! Tulimgonga korongo tukitua, bawa likapinda. Kasubi akalirudisha kwa mikono yake, na halikukaa sawa tena. Umeona wapi fundi anaandika aibu yake? Sisi marubani tulijua. Unakaza kulia kwa vidole viwili, safari nzima, na mdomo umefunga."

"Mbona hamkuwaambia wakubwa?"

"Tuwaambie wamshushe? Sisi tungerusha nini, ungo?"

"Na abiria je, Kapteni?"

"Abiria walifika."

Mihambo akakumbuka lile bawa, vile vidole viwili alivyovisawazisha kwa kujiona anajua. Tope halikuwa na kosa. Akarudi ndani ya kompyuta, akalilaza bawa kama alivyolikuta.

Kapteni akakaa naye siku tatu. "Ongeza. Mno hiyo, punguza. Sasa analegea, mkaze. Si hivyo, bwana, unamvuta kama punda." Siku ya tatu jioni hakusema kitu. Mihambo akamtazama mkono: vidole viwili vilikuwa vinakaza kulia, vyenyewe, mwenye navyo hana habari.

Ndege ikapaa kama Mama Kishindo.

Mihambo akaitoa kwa wachezaji wa dunia. Marubani wazee waliotawanyika huku na huko wakairusha majumbani kwao. Mmoja aliandika maneno manne: "Vidole vyangu vinaijua hii." Mke wa Mihambo aliposomewa alisema anaomba sasa futikamba yake.

Mwezi wa tatu ukaandama. Shaweji akakata. Akakata mkia, akakata mabawa, akakata tumbo, kuku wakahamia kwa jirani. Akabakisha kitu kimoja, usukani wa rubani. Wa pili uliibwa zamani. Huo mmoja akauweka juu ya gunia la mkaa, mbele ya tanuru.

"Huu siuyeyushi," akasema. "Msidhani ni huruma. Ni chuma cha mchanganyiko, kinaharibu sufuria. Nampa aliyemfufua Mama Kishindo. Mtu mmoja. Sitaki kesho mke wa huyu na mjukuu wa yule waje kugombana kwangu. Mkishindwa kuafikiana kabla makaa hayajakolea, naupasua kwa nyundo naurusha kwenye chuma chakavu."

Wakaja watatu.

Mihambo akasema, "Mimi ndiye niliyempima. Kila ribiti ilipita mkononi mwangu. Nyie mlimkumbuka, mimi nilimjenga. Nisingeenda na ile futi, leo angekuwa sufuria tu. Usukani nitauunga na kompyuta yangu, Mama Kishindo arushwe kwa usukani wake mwenyewe. Kuna mahali pengine anapoishi sasa?"

Bi. Mwanahawa akasema, "Ulimjenga akapaa kama karatasi, mpagazi wee! Uzito wake ulikuwa ndani ya pipa langu. Madaftari hayo watoto wa marehemu wangefungia maandazi. Mimi niliyalinda bila kujua kusoma, na sijakombolewa hadi leo. Nikifa leo, nitamwambia nini Kasubi? Usukani huu uwe ukombozi wangu. Nikiupata, madaftari yanarudi nyumbani kwake, na utani umekwisha kwa heshima."

Kapteni Nzota akasema, "Mwili mlikuwa nao, na uzito mlikuwa nao, na bado hakuwa yeye. Ndege zote zina miili na uzito. Huyu alikuwa na ulemavu wake, na ulemavu huo haukuandikwa popote ila hapa." Akanyoosha vidole viwili. "Sitarusha kitu kingine. Usukani huu niliushika miaka kumi na mmoja. Mwenzangu nani kaushika?"

Hapo ndipo maneno yakachacha.

"Umeushika ukificha!" akasema Mihambo. "Umepakia watu kwenye ndege mbovu, umefunga mdomo. Siri ya namna hiyo inapewa zawadi?"

"Nawe?" akajibu Kapteni. "Uliona bawa kwa macho yako mazima, mimi nisiye na macho nikakwambia limepinda. Ukweli uliupima kwa futi, kisha ukaunyoosha upendeze."

Bi. Mwanahawa akacheka. Wote wawili wakamgeukia.

"Wewe usicheke, Bibi," akasema Mihambo. "Wewe ndiye uliyemleta hapa kwenye tanuru. Wale watu wangemchukua mzima, na usukani wake, na mabawa yake. Uligoma kwa ajili ya jogoo."

"Si jogoo! Ni desturi. Ningewapa wageni kilicho cha marehemu, ningekuwa mtani au mwizi? Na ningewapa, wewe ungepima nini?"



Kapteni akauomba usukani aushike tu. Shaweji akampa. Mzee akaushika kwa mikono miwili, na mikono ikatulia. Bi. Mwanahawa akatazama pembeni.

"Hiyo nayo si hoja," akasema Shaweji. "Hata kuku walitulia humo."

Akauchukua tena usukani kutoka mikononi mwa mzee, akachungulia tanuru. Makaa yamekolea, mekundu. Akaokota nyundo. Mkono wa kushoto usukani, wa kulia nyundo, jasho linamtiririka. Watu watatu wamesimama mbele yake, hakuna anayempisha mwenzake.

Yule alijenga, na yule yule akaunyoosha ukweli. Yule alilinda, na yule yule akazuia. Yule alikumbuka, na yule yule alificha.

Shaweji ni mfua sufuria, hukumu si kazi yake, naye hana siku nzima. Haya, wewe unayetafuna karanga zangu bila kusema kitu, jivike joho la Shaweji: usukani umpe nani?