Kidundo Alivyoamkiwa Shikamoo

Paukwa!

Pakawa!

Huo ndio mwitikio wa watu walioshiba? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni motoni.

Hapo zamani za kale, watu wa gemu walikuwa wakizeeka, tena upesi kuliko sisi. Katika banda moja la gemu, ndani ya runinga, aliishi kijana Kidundo. Kazi yake ilikuwa kuruka mashimo. Watoto walibonyeza vitufe, wakaimba, "Ruka, Kidundo, ruka!" Naye akaruka kwa moyo mweupe. Aliyempenda kuliko wote ni Somoe, msichana mwenye mwanya, mbishi asiyekubali kushindwa na shimo lolote.

Haukupita muda, Kidundo akaota mvi. Magoti yakalia kwachu, kwachu, kwachu. Somoe akamtazama, akaondoa vidole kwenye vitufe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona hubonyezi?"

"Nikurushe mashimo na mvi hizo? Mama akisikia, sina pa kulala. Pumzika, babu."

Watoto wote wakawa vivyo hivyo: wakamwamkia, wakampa pole ya magoti, wakaenda zao. Mwenye banda akanuna. "Gemu haichezwi. Kesho naizima moja kwa moja." Kidundo akaingiwa na hofu, maana mtu wa gemu akizimwa hivyo, ndiyo kwisha kwake.

Akajipaka masizi kichwani. Jasho likayateremsha puani. "Shikamoo, babu." Akanyoa ndevu, makunyanzi yakabaki. "Shikamoo, babu." Akajificha kichakani, ionekane kofia tu, magoti yakamsaliti, kwachu, kwachu, kwachu. "Shikamoo, babu, na huko kichakani."

Ndipo akamwita Umri, yule mgawaji wa miaka apitaye kila nyumba na kapu lake.

"Mzee Umri, nitue miaka hii."

"Miaka haitupwi," akasema Umri. "Tafuta wa kukubebea."

Somoe alikuwa nje ya kioo, anasikiliza. "Nipeni mimi," akasema. "Nimechoka kuambiwa bado mdogo."

"Mizito hiyo, mwanangu," akasema Kidundo.

"Umeruka mashimo yote kwa ajili yangu. Acha na mimi nikubebee."

Umri akahamisha kapu. Mvi za Kidundo zikapukutika, magoti yakanyamaza, na Somoe akarudi nyumbani gauni limemfupikia. Watoto wengine nao wakaomba kubeba kidogo kidogo, kila wachezapo. Ndiyo maana hadi leo mtoto hukaa kucheza gemu kidogo tu, akiinuka, jua limekwisha kuzama.

Somoe akakua, akaolewa, akalisahau banda. Siku moja mvua ikamwingiza humo, yeye na bintiye. Kichwani alikuwa na mvi. Akashika vitufe, na vidole vikakumbuka. "Ruka, Kidundo, ruka," akaimba taratibu.

Kidundo akafika ukingoni mwa shimo, asiruke. Alikuwa ameuona ule mwanya, na juu yake zile mvi ambazo zingekuwa zake. Akafurahi, akamwonea huruma, vyote kwa pamoja. Akainama.

"Shikamoo, mama."

Somoe akacheka mpaka akafuta machozi.

"Marahaba, mwanangu. Haya ruka, mwenzako huyu naye anangoja zamu."

Hadithi yangu imetua hapo alipotua Kidundo, ng'ambo ya shimo.